Sukari Imepanda Wodi ya Kifua

Muuguzi mkuu wa wodi yetu ya kifua tunamwita Kengele, maana sauti yake hufika mlangoni kabla yake. Mimi ni msaidizi wake, na sijawahi kumwona amechangamka kama wiki ile alipolazwa mzee mmoja mwenye duka.

Mzee wa watu alikuwa anahema kwa taabu, sentensi moja akiikata mara tatu. Daktari akamwandikia vidonge vya kutuliza uvimbe wa mapafu, vya kumeza kila asubuhi. Sukari tulimpima alfajiri, ikawa sawa, sisi tukaridhika. Kengele hakuridhika ng'o. Vidonge vile, alisema, humezwa asubuhi lakini uchokozi wake huanza mchana. Akamchoma kidole baada ya chakula cha mchana, akatazama kipimo, akaniambia kwa ile sauti yake: "Sukari imepanda."

Mwenye duka akasikia kwa masikio ya dukani. Akampigia mkewe simu akimwagiza afungie sukari yote stoo, asiuze hata robo kilo. Jioni mkewe akatuletea mfuko mzima, ati wauguzi tusije tukahangaika. Tulicheka hadi mbavu zikatuuma.

Kicheko kilikatika tulipomweleza mzee kwamba sukari yenyewe imo katika damu yake, na vidonge ndivyo vinavyoipandisha. Kesho yake akafumba mdomo, hamezi. Kufika saa nne kifua kilikuwa kinapiga miluzi na mimi roho juu.

Kengele, ambaye alikwisha kupanga mambo na daktari, akavuta kiti.

"Baba, tukiviacha ghafla kifua kitabana tena. Sukari tutaishusha kwa insulini, na tutakupima mchana na jioni."

"Mama yangu alifariki kwa sukari," mzee akasema. "Naiogopa kuliko kifua."

"Najua, baba. Ndiyo maana sibanduki hapa."

Akameza. Daktari akawa anarekebisha sindano kwa kufuata kipimo, na siku ya tatu, mchana, sukari ikatulia. Nilitamani kuruka. Nilipogeuka nimwambie Kengele, nikamkuta amesimama kimya, kitu ambacho si kawaida yake kabisa. Mzee alikuwa anamgombeza mkewe, maneno mfululizo, sentensi nzima nzima, hatui hata kuvuta pumzi, na mama, machozi yakimtiririka, alikuwa anamsihi aendelee.