Kitasa Nje ya Chumba Kitupu

Ofisini tulimwita Kitasa, na jina alilijua na kulipenda. Alikuwa katibu wa mkurugenzi. Meza yake iliziba nusu ya mlango wa bosi, na mbele yake lilikuwa benchi la wageni. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, yeye akabaki pale pale, akiamua nani aingie na nani aote mizizi benchini. Hata mimi, karani wa stoo, dada wa mume wake, nimeota mizizi pale kwa saini moja tu.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, mama asiyependa milango. Siku ya kwanza tu alibeba kiti chake mwenyewe, akavuka ukumbi mzima, akakaa kwenye kona ya meza yangu, katikati ya maboksi.

"Hapa kazi naiona," alisema.

Basi nilitamba! Wakubwa waliokuwa wakinipita bila hata salamu sasa walinichangamkia. Kitasa alikonda kwa wivu. Tulipokutana penye birika la chai alinitazama kwa jicho la pembe.

"Wifi, umemlisha nini bosi wangu?"

"Kaja mwenyewe, wifi. Nimfukuze?"

Hakucheka. Wala hakuhama. Aliendelea kulinda chumba kitupu, akiwaambia wageni, "Subirini kidogo," nao wakasubiri, huku mkurugenzi yuko nyuma ya kabati anakunywa chai nami. Nikajua kazi itamponyoka, na nikajua pia kwamba lawama za kaka zitaniangukia mimi.

Asubuhi moja simu ya mkurugenzi ililia. Mama yake mzazi alikuwa amezidiwa. Mkurugenzi alitazama huku na huku. Ukumbi mzima ulikuwa umetega masikio. Akainuka, akaenda mpaka kwa Kitasa.

"Una miadi?" Kitasa akauliza, bila kuinua macho.

Nikashika kichwa. Ndipo akainua macho, akauona uso ule. Alisogeza meza haraka, akamwingiza ndani, akafunga mlango taratibu, kisha akairudisha meza mahali pake.

Nilifika na kikombe cha chai.

"Subiri."

"Wifi, ni mimi. Mimi ndiye nakaa naye."

"Nimekuona. Kaa benchini."

Nikakaa. Ndani mtu alikuwa akilia kwa sauti ya chini. Chai ikapoa mkononi, na wivu ukanitafuna vibaya sana, maana miezi yote ile kwenye meza yangu hakuwahi kupata pa kulilia.