Nati kumi na mbili kwenye kamba

Hakuna kitu ambacho kingenishangaza. Ndivyo nilivyojiambia miaka ile soko huria lilipoturuhusu watu binafsi kununua pamba. Niliishia darasa la nne, lakini nilikuwa na maghala mawili Bariadi na lori linalofika Lamadi. Vyote nilivipata kwa mgongo huu, ambao sasa hata gunia tupu linautesa.

Msimu mmoja ulinichosha. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, anataka chuo kikuu, fizikia. Nami nilishaongea na watu wa Maswa, wako tayari kuleta mahari ya ng'ombe arobaini.

"Utasomea nini hasa?"

"Jinsi vitu vidogo sana vinavyobadilika vikiguswa na vinavyovizunguka, baba."

"Na hiyo ni kazi?"

Akafunga kamba ya katani kwenye nguzo mbili za ghala, akaning'iniza juu yake nati mbili za trekta, kila moja kwa uzi wake. Akasukuma moja. Ilibembea, ikapoa, ya pili ikaanza. Ya pili ikapoa, ya kwanza ikaamka tena.

"Mimi nakaa na mizani kila siku," nikamwambia. "Kinachoenda kinarudi."

"Zikiwa mbili, ndiyo." Akaongeza nati kumi, nyuzi zake zimepishana urefu kidogo. "Hizi ndizo dunia: hewa, joto, mwanga. Ya kwanza ikirudia kubembea kama mwanzo, waite watu wa Maswa. Isiporudia, naenda chuo."

Nilicheka. "Mayo, mama yangu, umeolewa tayari."

Akasukuma. Nikakaa juu ya gunia la pamba, kikombe mkononi. Kila nati ilichukua kidogo. Ya kwanza ikatetemeka, ikatulia. Nilisubiri mpaka chai ikapoa.

"Mwendo umepotelea wapi?"

"Haukupotea, baba, umegawanywa. Nani ataukusanya? Chembe nayo inaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja, ila dunia ikishaigusa, mchanganyiko ule unatawanyika vivyo hivyo. Hakuna kinachokaa peke yake."

"Hata hii chai?"

"Joto lake liko humu ghalani."

Nikayatazama magunia, nikakumbuka yote niliyobeba tangu ujana. Kila moja liliondoka na nguvu zangu kidogo. Sikuwa na nguvu ya kubisha.

Watu wa Maswa niliwaomba radhi. Ng'ombe niliowakosa siwahesabu kwenye gharama. Nauli, godoro, vitabu na ada ya mwaka wa kwanza: shilingi laki tatu, themanini na saba elfu na mia tano.