Zaina wa Kilibula na seva iliyomkataa mara saba

Saa mbili asubuhi, Zaina Tariki ameketi chumbani kwake Kilibula, mjini Uvira, kompyuta mbele yake, simu sikioni. Kwenye kioo yanatokea maneno mawili ya Kifaransa: "Accès refusé," yaani huruhusiwi kuingia. Ni mara ya saba. Seva inayomkataa iko kwenye zahanati moja ya Luvungi, mwendo wa kilomita sitini hivi.

Jana umeme ulikatika. Uliporudi, seva iliwaka. Lakini ndani yake huishi kompyuta nyingine isiyo na mwili wake, iliyoundwa kwa programu tu, inayotunza faili za wagonjwa wa kifua kikuu. Hiyo haikuamka, na mwenye ruhusa ya kuiamsha ni Zaina peke yake.

Leo ni siku ya dawa. Wagonjwa thelathini na wanne wamefika, wengine wameshuka kwa miguu kutoka milima ya Rurambo.

"Dada Zaina, batu beko banangoja," anasema muuguzi Cyprien kwenye simu. "Nitapima dawa kwa kubahatisha? Ukiingia, fungulia kila mutu basi, tusikungoje tena!"

"Hapana, Papa Cyprien. Siri ya mugonjwa si ya kila mutu."

Zaina, mwenye umri wa miaka thelathini na saba, alijifunza ufundi huu wa kompyuta jioni, baada ya kuuza vitenge dukani kwa baba yake. Leo anahudumia zahanati tano kwa dola mia mbili na kumi kwa mwezi. Mtaani kwake umeme hukaa kwa muda wa saa sita tu kila siku.

Hana papara. Anakagua jina lake: sawa. Mot de passe, neno lake la siri: sawa. Ruhusa: ipo. Imebaki saa ya mashine.

"Papa Cyprien, serveur inaonyesha saa ngapi?"

"Saa mbili na kumi, sawa na yangu. Jana umeme uliporudi niliona iko nyuma saa muzima, miye nikaisogeza."

Zaina anacheka. Fundi wa kwanza aliiandikia seva majira ya Kinshasa, yaliyo nyuma ya Luvungi kwa saa moja. Cyprien aliirekebisha kwa mkono ifuate ya Luvungi. Kwa hesabu ya mashine, seva ikawa saa nzima mbele ya dunia, na seva hukataa mgeni ambaye saa yake inapishana na yake kwa zaidi ya dakika tano.

"Kumbe ni weye ulinifungia mulango! Kwenye liste ya miji, chagua Harare."

"Harare? Tumehamia Zimbabwe?"

"Saa yao ni saa yetu. Chagua tu."

"Imeruka! Iko saa tatu na kumi!"

"Sasa irudishe nyuma saa moja. Kisha usiiguse tena."

Zaina anajaribu mara ya nane. Mlango unafunguka. Anaiamsha kompyuta ya ndani, na baada ya dakika tatu Cyprien anasoma kwa sauti jina la mgonjwa wa kwanza na kipimo cha dawa yake.

Mwezi ujao Zaina anataka kuanza darasa la Jumamosi hapa nyumbani kwa wauguzi wa zahanati zake tano. Kila zahanati itapata mtu wake mwenye ruhusa na maarifa.

"Siku watanipigia kwa salamu tu," anasema, "nitajua kazi yangu imetimia."