Futi Iliyoruka Kifuani

Shangazi Futi hakuwahi kukata kitambaa kinachobaki ndani ya mshono. Mafundi wenzake walimcheka kwamba nguo zake zina nguo nyingine tumboni. "Mwili ni mgeni," aliwajibu. "Haupigi hodi ukija, hauagi ukiondoka."

Kwa hiyo binti wa kaka yake alipolijaribu gauni lake la harusi, likampwaya kwa mara nyingine, Shangazi hakushtuka. Alibana pini.

"Kaza hapo kiunoni, shangazi."

"Nikizidi kukaza, bwana harusi atadhani kaoa sindano."

Wakacheka. Kisha akazungusha futi ya kupimia kifuani mwa binti, na futi ikaruka. Akadhani ni mkono wake. Akaishika kwa ncha za vidole. Ikaruka tena, mbiombio, kama cherehani iliyokanyagwa bila kitambaa.

"Mwanangu, unakunywa nini?"

"Vidonge tu vya kupunguza mwili. Ni majani, shangazi. Majani hayana madhara."

"Na tumbaku ni nini, mchicha?"

Binti alitaka kucheka, akajishika kifua. Walikwenda kliniki gauni likiwa mwilini, pini zikimchoma kila alipopumua.

Daktari aligeuzageuza kopo. "Limeandikwa majani. Ila vitu hivi mara nyingine hutiwa dawa zisizoandikwa, na mzigo unauangukia moyo. Viache leo hii. Dawa za kupunguza uzito zipo, lakini mtu hupimwa kwanza, kisha hufuatiliwa."

Akamvalisha Shangazi kifaa cha kusikilizia, ausikie moyo wa binti.

Shangazi alifumba macho asikilize. Mtoto huyu ni yeye aliyemshonea nguo ya kwanza, ndogo kama kiganja. Amempima mabega, kiuno, miguu; na miaka yote hiyo, chini ya futi yake, kiumbe hiki kilikuwa kinachapa kazi, awe usingizini au macho, bila kuambiwa ahsante.

"Na gauni?" binti akalia. "Nikinenepa halitaingia!"

"Gauni lina akili kukushinda. Linakungoja."

Asubuhi ya harusi, mwili wa binti ulikuwa umerudi, na Shangazi alifumua mishono. Kitambaa kilichojificha ndani kikatoka kingali kipya, cheupe kuliko cha nje, na gauni likamkaa. Akapitisha futi kifuani mara ya mwisho, asisome namba. Ikapanda taratibu. Ikashuka.

"Vipimo vinasemaje, shangazi?"

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Kuna fundi mwenzangu yuko kazini."