Kitambaa cha Ijumaa ya Kwanza

Mwanamke aliyemnyima mama yangu mpako wa wagonjwa alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jema pekee ninalomkumbukia, na afadhali nilimalize mapema.

Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, upande wa Kocholia, miaka ya tisini. Jumuiya ilikuwa nyumba kumi na tano hivi za Wakatoliki, tukikutana kila Jumatano alasiri kusoma Injili na kuombeana. Kanisa letu lilikuwa kigango tu, na parokia ilikuwa mbali. Padri tulikuwa naye mmoja, mzee wa Kiairishi aliyesema Kiswahili kama mtu anayetafuna muwa, na alifika kwetu kwa pikipiki. Misa alikuja kusoma mara moja kwa mwezi. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi alipita nyumbani kwa wagonjwa akiwapelekea Komunyo na mpako wa mafuta matakatifu. Wagonjwa wale hakuwajua wote. Alifuata karatasi iliyoandikwa majina, na karatasi hiyo iliandikwa na mama mwenyekiti.

Yeye alilijua hilo vizuri sana. Alitembea na kalamu yake kifuani, imechomekwa kwenye gauni, kama askari na kirungu.

Mama yangu, toto kama tunavyosema kwa Kiteso, alifiwa na baba mimi nikiwa darasa la tano. Mdogo wa baba akamrithi, kama desturi ilivyotaka, lakini kwa Kanisa hiyo haikuwa ndoa, na anayeishi hivyo hapokei Komunyo. Kuanzia hapo toto alikaa benchi la mwisho kanisani. Wenzake wakienda kupokea Komunyo, yeye alibaki ameinamisha kichwa, akishika rozari, na baada ya Misa alifagia kanisa zima peke yake. Alifanya hivyo miaka kumi na zaidi. Kisha baba mdogo naye akafa, na sote tukajua kizuizi kimeondoka. Kilichobaki ni toto kwenda kitubio, na kwa kitubio cha namna hiyo padri alitaka barua ya mwenyekiti.

Toto alikwenda kuomba barua mara tatu. Mara ya tatu nilimsindikiza. Mama mwenyekiti alikuwa akichambua mtama uani, na hakutuwekea hata kigoda.

"Ngoja kwanza," alisema. "Watu watasema nini? Mzee hata hajamaliza kuoza, wewe unakimbilia Komunyo. Kaa kidogo, watu wasahau."

Toto akasema ahsante. Ndiyo, alisema ahsante! Njiani nilimgombeza mpaka akaniambia ninyamaze, kwamba mwenyekiti ana haki yake.

Mwaka uliofuata toto aliugua, akalala kitandani asiweze kuinuka. Wakati huo nilikuwa nikiuza chai na chapati Malaba, kwa madereva wa malori waliolala foleni wakingoja kuvuka mpaka. Niliacha biashara nikarudi nyumbani. Jumuiya walikuja kumtazama wiki mbili mfululizo, wakaimba na kumtia moyo, na mama mwenyekiti aliimba kushinda wote. Aliweka mkono juu ya paji la uso la toto. Nilimwambia, mbele ya watu, "Mama, Ijumaa ya kwanza imekaribia. Utamwandika?"

"Wewe tulia, binti. Mungu anajua wagonjwa wake."

Niliridhika na jibu hilo, na sijui niliridhikaje.

Asubuhi ya Ijumaa ile toto aliniagiza nitoe sandukuni kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe kwa kroshia, chenye misalaba midogo ya buluu pembeni. Alikuwa amekiweka tayari tangu siku alipofiwa na baba mdogo. Nilikitandika mezani kando ya kitanda. Juu yake tukaweka msalaba, maji ya baraka ndani ya glasi na mshumaa mpya. Toto akataka nimwogeshe, nimfunge kitambaa safi kichwani, nimkalishe na mito mgongoni. Tulingoja tangu saa tatu. Kama saa tano tulisikia pikipiki ikipanda kutoka upande wa daraja, toto akasema, "Washa mshumaa."

Niliwasha. Mlio ukakaribia, ukafika usawa wa lango letu, na haukupungua. Nilitoka mbio.

Sasa inabidi nieleze jambo ambalo kila Mkatoliki wa kwetu analijua. Padri akiwa na Ekaristi, mkate ule wa Komunyo ambao kwetu ni Bwana mwenyewe, hamsalimii mtu njiani. Anaibeba kwenye kimfuko kilichoning'inia shingoni, ndani ya koti, mkono mmoja ameukandamiza kifuani hata akiendesha. Huyu mzee alitufundisha mwenyewe katika darasa la katekisimu: Bwana akipita, magoti chini. Wanawake walishusha beseni za ndizi na kupiga magoti vumbini. Waendesha baiskeli walishuka. Tulifanya hivyo tangu utoto, miguu ilikunjika yenyewe kabla akili haijawaza.

Nilifika barabarani nikakusudia kusimama katikati, nipanue mikono. Nikauona mkono wake kifuani. Nikapiga magoti.

Alipita hatua tatu kutoka nilipokuwa. Aliinua vidole vyake akanibariki. Vumbi liliponitoka machoni alikuwa amefika kwenye kona ya shule.

Nilirudi ndani. Toto alikuwa bado amekaa wima, mshumaa unawaka. Aliuliza, "Amekwenda?" Nikasema amekwenda. Akaniambia niuzime mshumaa, usiishe bure. Ulikuwa umeungua kiasi cha kucha tu.

Kesho yake nilitembea mpaka parokiani nikaambiwa padri ameondoka, amekwenda vigango vya mbali, atarudi baada ya wiki. Toto alikufa Jumanne. Tulimzika bila Misa. Padri aliporudi alikuja kubariki kaburi, kofia mkononi, uso mwekundu kwa jua na aibu. Akasema jina hakuliona kwenye karatasi. Mama mwenyekiti alikuwa amesimama papo hapo. Akajibu, "Ilinitoka akilini, Padri. Wagonjwa walikuwa wengi."

Wagonjwa mwezi ule walikuwa wanne. Niliuliza baadaye.

Padri akanigeukia. "Na wewe, mbona hukunisimamisha? Kwetu Ayalandi mwenye mgonjwa anasimama katikati ya njia, hata apite askofu."

"Ulipita mbio, Padri," nilisema. "Sikukuwahi."

Basi, siku ile tulidanganya wawili juu ya kaburi moja. Uongo wangu niliuzika hapo hapo. Wake niliubeba nikaenda nao nyumbani, nikaulisha ukanenepa.

Nilifikiria kumtukana sokoni. Nilifikiria kumshtaki kwa chifu, kwa askofu, kwa kila aliye na muhuri. Mwishowe nikapata njia nzuri zaidi, na niliipata katikati ya sala. Kwenye jumuiya, baada ya Injili, kila mtu huomba kwa zamu kufuata alivyokaa, na wote huitikia. Hakuna anayeruhusiwa kumkatiza anayeomba, na hakuna anayeruhusiwa kutoitikia. Jumatano ya kwanza baada ya arobaini ya toto nilikaa mkabala naye, nikafumba macho.

"Ee Bwana, tunamwombea mama mwenyekiti wetu. Umponye ugonjwa wa kusahau. Umwongezee nguvu za mkono anapoandika majina ya wajane."

 Sauti zote zikajibu kwa pamoja, na yake ikiwemo, maana angefanyaje? "Ee Bwana, utusikie."

Utamu nilioupata sijui niufananishe na nini. Nilitembea kwenda nyumbani nikicheka peke yangu. Wiki iliyofuata nikaomba tena, na iliyofuata. Nilikuwa na wiki nzima ya kutunga, nikikanda unga wa chapati Malaba huku midomo inachezacheza, madereva wakidhani nasali rozari. "Ee Bwana, umkumbushe mama mwenyekiti kwamba nawe ulizaliwa na mama." "Ee Bwana, siku atakapolala kitandani akisikiliza pikipiki, usimpite."

Hiyo ya mwisho ilimfuata nje. Alinishika mkono karibu na zizi la mwenye nyumba.

"Wewe binti, hiyo ni maombi ama ni mashtaka?"

"Ni maombi, mama. Si umeitikia?"

Akaniachia mkono. Watu walielewa vizuri sana. Wengine walianza kuja jumuiya kwa ajili ya kunisikia, wakikaa mapema mahali pazuri. Hakuna aliyenikataza. Nadhani kila mmoja alikuwa na lake moyoni juu ya ile kalamu.

Nilimwombea hivyo karibu miaka mitatu. Katikati ya muda huo jumuiya ilichagua viongozi, na kwa kuwa nilifika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, wakanipa ukatibu. Yeye alibaki na kiti, lakini karatasi ya wagonjwa ikahamia kwangu. Siku ya kunikabidhi daftari hakunitazama.

Halafu akaugua yeye. Kifua kilimbana, akalazwa hospitalini Kocholia, akarudishwa nyumbani mbavu zinahesabika. Ijumaa ya kwanza ilikuwa baada ya siku tano.

Niliandika majina ya wagonjwa sita bila la kwake. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya Biblia. Nilikula vizuri siku ile, nikalala vizuri pia. Sikusumbuliwa na dhamiri hata kidogo, kinyume na wanavyopenda kusema wahubiri. Kilichonisumbua kilikuwa kingine: kwamba akipitwa, akafa, atakufa akidhani padri aliharibikiwa na pikipiki njiani. Hatajua. Nami nilitaka ajue! Nikakunjua karatasi nikamwandika wa saba, kwa herufi kubwa.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwake na kikapu. Binti yake alikuwa ameshaweka meza na kitambaa cha dukani. Nilikiondoa. Nikatandika kile cha toto, chenye misalaba ya buluu, nikainyoosha kila pembe taratibu. Nikasimamisha ule mshumaa wa toto, ulioungua kiasi cha kucha.

Alinitazama muda wote. Kisha akauliza, "Hiki kitambaa ni ya nani?"

"Ya marehemu mama. Tulimtandikia padri. Tulikaa hivi hivi tukasikiliza, na mshumaa ni huu huu."

Pikipiki ilisikika tangu mbali. Nilimwangalia usoni inavyokaribia. Mlio ulipofika langoni alifumba macho, na vidole vyake vikashika blanketi, na kwa muda ule mfupi alikuwa pale alipokuwa toto siku ile. Nilifurahi, na sitaandika hapa kwamba nilimhurumia. Kisha mlio ukapungua, injini ikazimwa, na padri akaingia. Sote tukatoka ili amsikilize kitubio. Tulipoitwa ndani, mshumaa ulikuwa unawaka na yeye alikuwa analia.

Nilimwachia kitambaa. Nilidhani atazikwa nacho.

Akapona. Kweli kabisa, akapona! Ndani ya miezi miwili alikuwa akitembea kwa fimbo, na nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Jumatano moja zamu ya kuikaribisha jumuiya ikafika kwake. Tulipoingia, kitambaa cha toto kilikuwa mezani chini ya Biblia, kimefuliwa, kimepigwa pasi na wanga. Nilikaa mkabala naye, mahali pangu. Nilikuwa nimekuja na ombi kali kuliko yote, nimelitunga tangu Jumapili.

Yeye ndiye aliyeanza, kama mwenye nyumba. Sauti yake nzuri ilikuwa imebaki nusu.

"Ee Bwana, tunamwombea marehemu mama ya katibu wetu. Nilisema nilisahau. Sikusahau. Nilijua ako mgonjwa, na nilijua mzee ashakufa, na niliacha jina yake makusudi. Kwangu hapa ulisimama. Kwake mimi nilifanya upite. Umhurumie yeye kwanza, halafu mimi."

"Ee Bwana, utusikie," wote wakasema.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimengoja maneno hayo karibu miaka mitatu, na yaliponifikia sikuwa na mahali pa kuyaweka. Sala zikazunguka, mtu baada ya mtu, zikaja mpaka kwangu. Vichwa vyote vimeinama. Yeye alikuwa amefukua uongo wake na kuuweka mezani, juu ya kitambaa cha mama yangu. Ulibaki wangu tu. Ilikuwa sentensi moja fupi, kwamba nilimwahi padri, na nikapiga magoti. Nilifungua mdomo ikatoka Salamu Maria, wakaipokea, tukaimaliza pamoja.

Jumuiya yetu ilifunga sala kwa kupiga magoti. Benchi zikasukumwa nyuma, wote wakashuka chini, hata yeye na fimbo yake, akishikiliwa na binti yake. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba, kama nilivyopaswa kusimama siku ile barabarani. Walidhani bado nina hasira naye, na niliwaacha wadhani hivyo.