Nyuki Aliyegoma Kulamba

Pale kwenye chumba cha mafundi cherehani walimwita Nyuki, na jina hilo hakulipata kwa bidii ya kazi, ingawa bidii anayo. Alilipata kwa vijiko. Kikombe kimoja cha chai, sukari vijiko sita, na akimaliza anachungulia chini kama kuna iliyogoma kuyeyuka, ailambe kwa kidole. Mama wa watoto watatu wenye ndevu, wala haoni haya.

Basi siku moja uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Akaulowesha kwa mate, akaupindapinda, akafumba jicho moja. Wapi. Akaenda zahanati, nesi akampima, akamwambia bila kuzungukazunguka: "Dada, una sukari nyingi, na macho ndiyo yameanza kulalamika. Vidonge bado. Acha sukari wiki sita, halafu tukupime tena."

"Niache ipi, ya kwenye kikombe au ya kwenye damu?"

"Anza na ya kikombe. Ya damu nayo itapunguza kiburi."

Fundi asiyeona ni mkasi butu: atasifiwa sana, kisha atawekwa kabatini. Nyuki alilijua hilo. Cherehani ile ndiyo iliyosomesha wanawe, na hakuwa tayari kumwachia mtu kiti chake eti kwa sababu ya ulimi.

Sasa balaa ni kwamba pale Mama Chai anatia sukari kwenye sufuria, chai ikiwa bado motoni. Inakufikia kwenye birika imeshakuamulia. Kumwomba isiyo na sukari ni kama kumwambia hajui kupika.

"Nichemshie yangu pembeni, mwenzangu."

"Chai bila sukari ni maji ya kuoshea vyombo."

"Basi niletee hayohayo. Nimeosha vyombo miaka arobaini, leo niyaonje."

Siku ya tatu kichwa kilimgonga kama mtu anapigilia bati juu yake. Siku ya tano miguu ilikuwa ya kuazima. Akisikia karatasi ya pipi inakwaruza chumba cha pili, mate yanamjaa. Siku ya tisa, saa nane mchana, akashona shati, akakata nyuzi kwa madaha, akalitundika.

Fundi Suruali, jirani yake wa mashine, akalishusha. "Jamani, huyu mteja ana mikono miwili ya kushoto. Hivi tulimpima sawasawa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nyuki naye akacheka, ila kwa upande mmoja.

"Dada, rudi kwenye mzinga," Fundi Suruali akasema. "Kufa kupo tu."

"Kufa kupo, sibishani nako. Upofu ndio naukataa. Lete hilo shati nifumue."

Akafumua, macho mazito, kichwa kinamwinamia. Mama Chai akamtazama weee, roho ikamuuma. Akaenda, akarudi na kikombe, akakiweka kando ya mashine. "Yako ile, haina kitu."

Nyuki akapiga funda. Ulimi ukaruka kama umeona ndugu aliyepotea. Mwili mzima unamwambia, meza. Hakumeza. Aliinuka, akaenda mlangoni, akatema kwenye mfereji wa nje, akamwaga na iliyobaki, akakisuuza kikombe mara mbili.

"Umetia vingapi?"

Mama Chai akaangalia kanga yake. "Viwili tu. Unateseka, mwenzangu, nakuona."

"Huruma yako nimeipokea, vijiko vyako chukua. Nimechoka, ndiyo. Nitachoka hivihivi nikiwa kwenye kiti changu. Ukinihurumia tena, nishikie taa nione mshono."

Mama Chai akaivuta taa ya mezani, akaiinamisha, akasimama nayo mpaka ule mkono wa uongo ukatoka wote. Fundi Suruali akafungua mdomo aseme neno, akaonyeshwa ncha ya mkasi, akaufunga.

"Kesho ya kwangu unaichemsha kwanza," Nyuki akasema bila kuinua macho, "kabla hujaligusa kopo la sukari."

"Na ukisinzia?"

"Nikisinzia niamshe. Usinilambishe."