Koku wa Kwenye Filamu

Nilitoka saluni Sinza nimesukwa nusu kichwa, nikaenda kumtukana mwanamume mbele ya wateja wake.

Msinipe pole. Someni tu.

Naitwa Kokuberwa, wengi wananiita Koku. Nafundisha shule ya msingi huko Bunju. Jumamosi ya wiki ile familia ya mchumba wangu, Revelian, ilikuwa ilete barua ya posa. Nina miaka thelathini na nne, kwa hiyo elewa nilivyokuwa naisubiri.

Saluni nilikwenda na Hope, dada yake Revelian. Kwenye runinga kulikuwa na filamu ya kizungu, ya mapenzi na vichekesho, iliyotafsiriwa. Mwanamke anatafuta mume asiye na kasoro, kila anayekuja anamkataa.

Sauti ya mtafsiri nikaijua. Brightson!

Huyo nilimwacha miaka sita iliyopita, baada ya kumwandikia orodha ya masharti yangu. Siku hizi anaingiza Kiswahili kwenye filamu, anawapa wazungu majina ya mtaani na kuongeza chumvi.

Mara akasema, "Dada huyu anaitwa Koku. Koku anataka mume asiyekoroma, asiyevaa ndala, na mama yake akae mbali!"

Saluni nzima ikacheka. Hope alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mie nikainuka kitini. Yale yalikuwa masharti yangu.

"Wifi, unaenda wapi na nywele hizo?"

"Kuna mbwa namfuata."

Kibanda cha Brightson kipo mtaa wa nyuma. Hope akanifuata mbio. Brightson alikuwa anawawekea wateja filamu kwenye flashi.

"We mshenzi! Miaka yote hiyo bado unanitangaza?"

"Nimekutangaza wapi, mwalimu?"

"Kwenye filamu! Asikorome, asivae ndala, mama yake akae mbali. Si nilikuandikia kwa mkono wangu?"

Akanitazama, halafu akageukia pazia. "Koku!"

Akatoka mwanamke mjamzito, kavaa dera.

"Mke wangu, Kokushubila. Kila filamu ya mapenzi stelingi wa kike nampa jina lake. Anapendaga."

Kisha akaiweka filamu ile ya Kiingereza, bila sauti yake. Mzungu akahesabu kwa vidole. Kiingereza nakifundisha, nikasikia mwenyewe: kukoroma, ndala, mama mkwe.

"Hii hata chumvi sijaongeza," akasema. "Orodha yako mie nilishaisahau."

Iliniuma kuliko tusi. Wateja wakaangua kicheko.

Hope hakucheka. Mama yao ana kisukari, macho yanaisha. Tulikubaliana tukioana atahamia kwetu, na Revelian alishamnunulia kitanda.

"Kwa hiyo mama akae mbali, wifi?"

"Ilikuwa zamani, Hope."

Uongo. Kitanda kile kila nikikiona nilitamani kukitupa nje. Nadhani usoni ilionekana, maana aliondoka bila kuaga.

Jumamosi tukapika pilau ya watu ishirini. Saa nane mchana Hope akatuma ujumbe: "Mama amesema hataki kukusumbua. Atakaa mbali."

Barua ya posa haikuja, na Revelian hadi leo hapokei simu yangu.

Filamu yenyewe niliimalizia baadaye, kwa hasira. Mwishoni Koku anaolewa, na mama mkwe ndiye anayemvika shela.

Wewe unayehisi unasemwa kila kona, kaa chini umalize kusukwa. Saluni ile hakuna aliyekuwa ananisema. Nilikwenda kujisema mwenyewe.